Kipimo cha Wifi

Tangu saratani imwondolee titi, fundi cherehani alikuwa akiwashonea wagonjwa wenzake matiti ya pamba, bure. Siku moja wifi yake, bingwa wa kumtania, akaja kuagiza titi.

“Ni la rafiki yangu. Nishonee upesi, fundi wa vifua!”

“Sikati kitambaa bila kumpima mwenyewe. Mlete.”

Wifi akafunga mlango, akafungua vifungo. Titi la kushoto lilikuwa na uvimbe mkubwa kama limau.

Utepe wa kupimia ukamponyoka fundi.

“Daktari amesemaje?”

“Nimeanza kwako.”

“Wifi! Mimi nashona baada ya daktari, si kabla yake!” Akachukua ufunguo wa duka. “Leo nina dripu yangu ya sita ya dawa ya saratani hospitalini. Vaa, twende wote.”