Aliyeita Mara Moja

Ijumaa ile, kesho yake ikiwa Jumamosi ya Wafu, Pothiti aliinjika ngano alfajiri mama yake akiwa bado amelala. Alijua anachokichokoza. Kule Drimona, kijiji cha milimani, ngano hiyo huchemshwa kwa ajili ya marehemu, ikatiwa zabibu na sukari na kupelekwa kanisani, kasisi akawataja wafu kwa majina yao, wapumzike. Pothiti alitaka mwaka huu jina la kaka yake Strati litajwe. Strati alikuwa amepotea miaka mingi, na kila mwaka siku kama hii mama yao alikataa katakata.

Bi Metaksia aliamka, akanusa, akaja jikoni na fimbo yake.

"Unampikia nani?"

"Kaa kwanza, mama."

"Nimekuuliza, unampikia nani? Baba yako nilishampikia juzi."

Pothiti akaendelea kuikoroga ngano. Basi yule bibi, ambaye magoti yake humfanya alalamike kutoka kitandani hadi mlangoni, alilibeba sufuria zima akaenda kuwamwagia kuku uani.

"Strati yuko Melbourne," alisema aliporudi, pumzi zikimpaa. "Ameoa mwanamke mchoyo asiyemruhusu kuandika barua. Na ukimpikia mtu aliye hai unamuua, au hukufundishwa?"

"Melbourne! Mama, hakuchukua hata koti."

"Kule ni joto."

Ukweli wenyewe kila mtu Drimona alikuwa nao mdomoni, ila hakuna aliyethubutu kuutema mbele ya bibi huyu. Strati alipanda Kastro jioni moja kumtafuta mbuzi, hakushuka. Kastro ni ile ngome iliyobomoka kileleni, inayoitazama Drimona kama mkwe asiyependa mlo aliopewa. Kesho yake wanaume waliipekua, wakashuka na kamba katika mabirika ya kale, yale matangi ya chini ya ardhi ya kuwekea maji ya mvua, kila birika walilolijua. Wakarudi mikono mitupu. Mbuzi alirudi mwenyewe.

Na Kastro huita. Wewe cheka ukitaka, watu wa Drimona hawacheki. Waliouana kule juu zamani, ukoo kwa ukoo, hawajatulia mpaka leo, na tangu Pasaka hadi Jumamosi ya Wafu ndipo wanapozurura zaidi. Mzimu huita mara moja tu, hauna pumzi ya kuita tena, na ukiuitikia umekwenda na maji. Kwa hiyo mtoto wa Drimona, hata hajajua kufunga kamba za viatu, ameshafundishwa: ukisikia jina lako kutoka juu, kaa kimya, subiri. Aliye hai ataita tena.

Siku ile Strati alipopotea, Pothiti alisikia jina lake mwenyewe likiitwa kutoka juu. Mara moja. Alikuwa amekwisha fungua mdomo aitike, mama yake akamziba kwa kiganja kilichonuka kitunguu. Wakasubiri ya pili. Haikuja. Wakaingia ndani wakala. Hawakulizungumza jambo hilo tena hata siku moja, na hadithi ya Melbourne ilizaliwa wiki ile ile.

Mchana wa Ijumaa hiyo ya ngano ndipo alipotokea Fotis, mwalimu wa shule kutoka kaskazini, kofia kubwa, magoti yamebabuka kwa jua. Alikuwa akiizunguka milima ile ngome baada ya ngome, likizo yake yote akiimalizia kwenye kuta zilizoanguka. Nyumba ya Pothiti ni ya mwisho kwenye njia ya kupandia, akaomba maji.

"Ahsante sana, dada. Unaitwa nani?"

"Jina langu la nini? Unataka kuniposa?"

Mwalimu akaiva uso hadi masikioni. "Hapana, mimi nilitaka tu..."

"Umemsikia, mama? Hata kuniposa hataki!" Kisha Pothiti akaacha mzaha. "Anayepanda kule hatumpi jina la mtu. Usiudhike, ndivyo tulivyo. Lakini nisikilize vizuri. Ukipatwa na jambo, piga kelele, urudie, urudie tena. Ukiita mara moja, hapa haitiki mtu."

"Kwa nini?"

"Panda bwana, jua linakuacha."

Akapanda huku akicheka peke yake.

Jioni, kabla jua halijagusa mlima, mama na binti walikuwa barazani wakichambua dengu. Tangu asubuhi mama alikuwa hajamsemesha binti yake. Upepo ulikuwa umekata ghafla, hata majani ya mzeituni yamesimama, na Pothiti alikuwa ndiyo kwanza anajiuliza mbona mwalimu hajashuka.

"Pothiti!"

Sauti ya mwanamume, kutoka juu. Kijiji kizima kiliisikia. Katika mgahawa wa mzee Panagos, ng'ambo ya njia, dadu ziliacha kugonga meza. Bi Metaksia alinyoosha mkono ule ule wa siku ile. Kiganja kilikuwa kimekonda, lakini kilifika mdomoni.

"Nyamaza," alinong'ona. "Mwanangu, nakuomba, nyamaza. Subiri ya pili."

Pothiti alisubiri. Ya pili haikuja. Aliogopa jamani, na kama angepewa hiari angejifungia ndani ajifunike blanketi gubigubi. Lakini kiganja kile kilikuwa kinanuka kitunguu. Hasira zikampanda, hasira za miaka yote ile, akauondoa mkono wa mama yake usoni na kusimama.

"Abeee!" aliitika kwa sauti yake yote. "Abee! Nakuja!"

"Umejiua!" mama yake akapiga ukelele, dengu zikamwagika. "Umejiua, na mimi umeniacha na nani?"

Mzee Panagos akatoka mgahawani. "Nani huyo kichaa aliyeitika?"

"Mimi!"

"Binti Metaksia, mizimu inakudai nini wewe?"

"Kuna mtu amepanda mchana na hajashuka. Lete kamba twende."

"Mimi? Kwa akili zangu hizi? Sipandi!"

"Basi kaa hapo uzeeke na dadu zako. Kamba nipe."

Panagos alitukana njia nzima, alimtukana Pothiti, akaitukana mizimu na walimu wote wa kaskazini, lakini alipanda, na kamba alikuwa nayo begani. Walipofika kwenye lango lililobomoka aliacha matusi. Mle ndani hapakuwa na ndege wala nyenje. Pothiti akawa anatembea akiwa amekishika kipindo cha shati la mzee kama mtoto.

Ndani ya kikanisa kisicho na paa waliiona ile kofia kubwa. Pembeni yake sakafu ilikuwa imetumbukia, na chini ya shimo kulikuwa na giza na ubaridi. Lilikuwa birika, birika ambalo hakuna aliyelijua. Mdomo wake wa zamani ulikuwa ukutani, umezibwa na miba na mawe yaliyoporomoka.

"Mwalimu! U hai?" Pothiti aliita.

"Mguu..." Sauti ilikuwa ya kukwaruza, ndogo mno, hata nje ya kikanisa isingefika. "Umevunjika. Kifua nacho... siwezi kupaza sauti."

"Unaona?" Panagos alifurahi kwa jinsi alivyofarijika. "Ni huyu aliyeita! Mpumbavu wewe, si uliambiwa urudie?"

"Mimi sikuita," alisema Fotis. "Nilizimia. Nimeamshwa na mtu aliyepiga kelele humu humu, karibu na sikio langu. Nikadhani kuna mwenzangu ameanguka."

"Alisema nini?" aliuliza Pothiti.

"Pothiti. Hivyo tu. Pothiti ni nini?"

Panagos akapiga ishara ya msalaba, mkono ukabaki kifuani. Pothiti alilala kifudifudi ukingoni, mawe yakimchoma mbavu.

"Una taa ya simu? Mulika pembeni yako, mwalimu. Polepole."

Mwanga ukapita kwenye mawe, ukapita kwenye mizizi, ukafika kwenye kiatu. Soli yake ilikuwa ya tairi, imeshonwa kwa uzi mwekundu. Bi Metaksia ndiye aliyeishona, kwa kuwa mweusi ulikuwa umekwisha, na Strati alinung'unika siku nzima kwamba hata mbuzi watamcheka. Kisha mwanga ukaonyesha kilichokuwa ndani ya kiatu, na Fotis akaanza kupiga mayowe kwa kisauti chake kile kibovu, tena na tena.

Waokoaji wakaja, wakamtoa mwalimu, wakamshusha. Mifupa ya Strati wakasema ingoje asubuhi.

Pothiti alimkuta mama yake barazani pale pale, anaokota dengu moja moja.

"Uzi mwekundu, mama," alimwambia.

Bi Metaksia aliendelea kuokota. Kisha mikono ikasimama. "Alijua," alisema. "Nilimfundisha mwenyewe. Ukiwa hai, ita tena. Mwanangu alijua, ila hakuwa na pumzi ya kuita tena."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi ndiye niliyekuziba mdomo."

Pothiti hakutaka kumdanganya. Alikuwa na uchungu naye, na alimpenda, vyote kwa pamoja. "Ndiyo," alisema. "Ni wewe."

Asubuhi ya Jumamosi Bi Metaksia alipandishwa Kastro juu ya punda wa Panagos. Waokoaji walikuwa wamekwisha tega kamba zao. Aliwaomba wampishe kidogo, akapiga magoti yale mabovu kwenye mawe, akaingiza uso shimoni.

"Abee, Strati," aliitika.

Akasubiri, kama alivyowafundisha wanawe wote wawili. Huko chini kulikuwa kimya. Akaitika tena, safari hii kwa sauti kubwa, sauti ya mama anayeitwa akiwa jikoni.

"Abee, baba! Mama amesikia!"

Hakuna kilichojibu. Akageuka kumtafuta binti yake kwa macho.

"Pothiti, ile ngano, ulipika yote?"

"Hapana. Imebaki kidogo."

"Nenda ukainjike," alisema mama yake. "Mimi nabaki naye."