Kipara cha Haji Tawakali

Kilwa Kivinje nzima ilijua kwamba Tawakali Pazi ana kipara. Asiyejua kwamba watu wanajua alikuwa Tawakali mwenyewe.

Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, duka la vipuri vya pikipiki karibu na soko, na kofia ya kushonwa kwa mkono ambayo hakuivua isipokuwa kwa dharura. Nywele zilianza kumkimbia akiwa na thelathini, polepole, kama maji ya Kivinje yanavyokupwa, ila maji hurudi. Msikitini alitia udhu wa mwisho, wenzake wakishajipanga safu, ili asionekane akipaka maji kichwani. Kitambulisho cha taifa, ambacho karani alimlazimisha kupigwa picha kichwa wazi, alikificha chini ya godoro. Siku akihitajiwa kukionyesha, alikitoa kidole gumba kikiwa juu ya paji. Watu waliona yote hayo wakanyamaza, maana watu wa pwani tuna adabu zetu. Tutakusema, lakini hatukusemi mbele yako.

Mwenye ruhusa ya kumsema mbele yake alikuwa mmoja tu, naye ni Idd, dereva wa bodaboda, mtani wake tangu enzi za mababu zao. Idd akipita dukani aliziba macho kwa kiganja na kulalamika kwamba mwanga umezidi. Utani haukasirikiwi, kwa hiyo Tawakali alicheka, akijiambia kwamba anayejua ni Idd peke yake. Akirudi nyumbani aliivuta kofia mpaka kwenye nyusi.

Angeweza kuishi hivyo mpaka siku yake ifike, lakini akampenda Warda.

Warda alikuwa mjane wa Lindi mjini, muuza vitenge, mwanamke mwenye kicheko cha kusikika nyumba ya tatu. Walikutana harusini, wakapeana namba, na kwa miezi minne wakawa wanaongea kila siku. Kwa simu ya video Tawakali aliielekeza kamera kwa ustadi, hata Warda akawa anamjua vizuri sana kuanzia nyusi kwenda chini.

"Mbona wewe huna paji la uso?" alimuuliza siku moja.

"Mtandao," alijibu Tawakali.

Posa ilipopelekwa, baba mdogo wa Warda, Mzee Ramadhani, alijibu kwamba hana neno, ila kijana amesikika dini yake ya kubahatisha, kwa hiyo atakwenda Kivinje mwenyewe mwezi ujao akamwone. Mtu mwingine angeanza kuhudhuria swala ya alfajiri. Tawakali alikwenda kujitazama kwenye kioo.

Ndipo alipoliona tangazo kwenye simu. Kliniki moja ya Dar es Salaam ilionyesha picha mbili za mtu mmoja, ya kwanza akiwa amenuna na kipara, ya pili akicheka na nywele. Akaandika kuuliza. Akajibiwa na binti aitwaye Imani, kwa ujumbe wa sauti wenye heshima zote, kwamba wataalamu huchukua nywele za kisogoni, moja moja na mzizi wake, wakazipandikiza mbele. Tawakali alielewa mara moja. Baba yake alilima mpunga Njinjo. Unang'oa kitaluni, unapeleka shambani, basi.

Masharti yalikuwa mawili makubwa. Siku kumi asiinamishe paji la uso chini, na wiki tatu asivae kofia. La kwanza alilipatia dawa. Atasingizia mgongo, aswali akiwa amekaa kwenye kiti. La pili lilimtoa jasho. Wiki tatu kichwa wazi Kivinje! Jambo moja halikumjia kabisa, nalo ni kwamba nywele zikishaota atazifunika kwa kofia ile ile.

Alikata shauri, akalikata tena. Asubuhi mbele ya kioo alikuwa anakwenda. Adhuhuri, akikumbuka sindano, alikuwa haendi. Jioni Warda akimcheka kwenye simu alikuwa anakwenda tena, na haraka. Mwisho Imani akamwandikia kwamba nafasi imebaki moja, naye akajikuta ameshaichukua.

Sasa Tawakali, pamoja na mwili wake wote ule, ni mwoga wa sindano. Alijiaminisha kwamba huenda asiamke kwenye kile kitanda. Kwa hiyo kabla ya safari akazunguka mtaa kwa mtaa kuomba radhi. Alianza kwa wateja, akaenda kwa majirani, akamaliza kwa imamu.

"Nina safari. Kama nimekukosea, nisamehe."

"Safari ya wapi, ndugu yangu?"

"Niombeeni dua tu."

Hapa kwetu mtu haombi radhi mji mzima kwa ajili ya kwenda Dar. Dar tunakwenda kununua matairi. Anayeomba radhi namna hiyo ni mtu anayekwenda Maka. Tawakali, kwa hofu yake, hata hakulifikiria hilo.

Dar alisubiri zamu yake siku kumi, kisha kliniki wakampokea vizuri. Wakamnyoa kichwa kizima, wakamchora mstari wa nywele mpya kwa kalamu, mstari mzuri wa kijana wa miaka ishirini. Kisha wakampima presha. Presha ilikuwa juu kiasi kwamba daktari alipima mara tatu, na kila alipopima ilipanda zaidi.

"Leo haiwezekani," daktari alisema. "Meza hizi dawa, rudi Jumanne baada ya wiki mbili."

"Na zile nywele mlizoninyoa?"

Imani alimjibu kwa upole kwamba zimeshafagiliwa.

Basi akaufuta ule mstari kwa spiriti, akapita Kariakoo kumnunulia shangazi yake boksi la tende, akapanda basi kurudi nyumbani na nywele pungufu kuliko alizoondoka nazo.

Kofia nayo ilimgeuka. Miaka yote ilikuwa imeshikiliwa na nywele za pembeni na za kisogoni, nazo sasa hazipo, ikawa inamcheza kichwani. Alipoinama kushuka pale stendi ya Kivinje ikamdondoka. Stendi nzima ikaona kichwa kimenyolewa kinang'aa, na chini yake Tawakali kapakata tende.

Idd ndiye aliyekuwa karibu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuziba macho. Aliiokota ile kofia, akaipangusa vumbi, akampa kwa mikono miwili.

"Allahu Akbar! Kumbe ulikwenda Maka kwa Umra, ukanyoa huko huko, ukatuficha! Haji Tawakali, Mungu akutakabalie!"

Tawakali alifungua mdomo. Ukweli ulikuwa maneno machache tu: nilikwenda kupanda nywele, zikashindikana. Aliyapima hayo maneno mbele ya stendi iliyojaa watu, akayaona mazito.

"Alhamdulillahi," akasema, na hilo ni neno la kweli popote linaposemwa.

Kuanzia hapo kichwa alichokificha miaka kumi na mitatu kikawa kichwa kinachotembelewa kuliko vyote Kivinje. Watu walikuja kumpa mkono. Wanawake walisema ana nuru ambayo hakuwa nayo. Imamu alimwita safu ya kwanza. Siku ya tatu Tawakali aliisahau kofia nyumbani. Siku ya nne aliiacha makusudi.

Na Mzee Ramadhani akapiga simu mwenyewe kutoka Lindi. "Mtu anayekwenda kwenye Nyumba ya Mungu bila kujitangaza," alisema, "huyo ndiye mkwe ninayemtaka. Ijumaa ninakuja na Warda tumalize."

Tawakali alikaa kitako na ile simu mkononi. Warda alikuwa wake, kwa masharti ya kunyamaza tu. Akahesabu siku. Ijumaa posa, Jumanne kliniki. Nywele zikiota Kivinje watasema nini? Akapata jibu, jibu lenyewe likamtisha. Watasema aliziomba kwenye Kaaba na zimetakabaliwa, na watu wenye vipara watafunga safari kutoka Kiswere na Sudi kuja kumwona.

Alhamisi shangazi yake alimtuma mtu amwite.

Bi Nusaiba ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Alikuwa kitandani mwezi wa pili, mwepesi kama ungo, lakini ulimi wake haukuugua hata siku moja. Yule mtu alileta ujumbe mfupi: njoo, na uje na maji ya zamzam.

Hapo ndipo Tawakali alipoelewa ameingia wapi. Mtu akitoka Maka huja na zamzam, na wazee wetu hupenda kulowesha ulimi kwa maji yale kabla ya kutamka shahada ya mwisho. Mpaka siku hiyo uongo wa Maka hakuwa ameusema kwa mdomo wake. Wenzake walimsemea, yeye akaitikia. Alikwenda dukani kwa jirani, akanunua chupa ya maji, akakaa nyuma ya nyumba ya shangazi kubandua karatasi yake kwa kucha mpaka chupa ikabaki bila jina.

Alipozunguka mbele, alimkuta Mzee Ramadhani barazani. Walikuwa wamefika siku moja mapema ili wamtazame mgonjwa, kama ilivyo desturi. Warda alikuwa ndani na wanawake, nyuma ya pazia.

"Ingia, Haji," Mzee Ramadhani alisema. "Mama anakusubiri."

Tawakali akaingia, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea?"

Chupa ilikuwa mfukoni. Nyuma ya pazia mtu alikohoa. Tawakali alitazama ule mdomo mkavu uliowahi kumtafunia chakula akiwa mtoto mgonjwa. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Mzee huyu alikuwa anaomba tone moja tu katika dunia nzima, na yeye alikuwa anataka kumpa maji ya dukani kwa sababu ya paji lake la uso.

"Shangazi," alisema, na sauti yake haikujua kunong'ona, "sikwenda Maka. Nilikwenda Dar. Nilikwenda kupanda nywele."

"Kupanda nini?"

"Nywele, shangazi. Walininyoa kwanza. Halafu presha ikakataa. Haya maji ni ya dukani."

Bi Nusaiba alinyoosha mkono, akampapasa kichwa kuanzia paji hadi kisogo, kama mtu anayekagua embe sokoni.

"Na zikiota, juu yake utavaa nini?"

Tawakali alifikiri. "Kofia."

"Mjinga wewe," alisema Bi Nusaiba kwa mapenzi. "Siku ya saba ulipozaliwa nilikunyoa mimi, kwa mkono wangu. Nywele za kwanza ulizokuja nazo kutoka kwa Mola wako nilizifukia chini ya mnazi wa uani. Kama unazitaka nywele zako, kachimbe."

Nyuma ya pazia kikafumuka kicheko. Tawakali alikijua kicheko hicho, alikisikia kwenye simu kwa miezi minne. Wanawake wengine wakafuata. Nje, barazani, Mzee Ramadhani alivaa viatu vyake akaondoka bila kuaga.

"Haya, lete hayo maji," shangazi alisema. "Mungu wa Maka ndiye Mungu wa Kivinje." Akanywa funda mbili kwa bismillahi, akafumba macho.

Alifariki Jumatatu usiku, Mungu amrehemu. Mazishi yakawa Jumanne.

Kufikia hapo habari ilikuwa imeshafika Kilwa Masoko na kurudi. Hakuna aliyemwita Haji. Tawakali alisimama uani siku ile kichwa wazi, na kwa mara ya kwanza hakujali nani anatazama, maana uchungu wa shangazi ulimjaa hata pasibaki nafasi ya kitu kingine. Jeneza lilipofika mlangoni, Idd akajilaza kizingitini. Hiyo ni haki ya mtani, hatoki maiti mpaka mtani atosheke.

"Tawakali!" Idd alipaza sauti. "Bi Nusaiba hatoki humu mpaka shamba limwagiliwe!"

Akainuka na birika la udhu, akammiminia maji kichwani taratibu, huku na huku, kwa makini ya mkulima, akikagua kama kuna kilichochipua. "Bado, jamani," akatangaza. "Labda mvua za vuli."

Waliobeba jeneza walitikisika kwa kucheka mpaka ikabidi walitue. Ndani wanawake walicheka huku wakilia, na kicheko kimoja kilipita vyote. Tawakali naye akacheka, maji yakimtiririka usoni pamoja na machozi, wala hakuyatenganisha.

Waliporudi kutoka makaburini, Warda alikuwa uani anaosha masufuria. Alikuwa amekuja peke yake kutoka Lindi, bila ya ruhusa ya mtu.

"Baba mdogo kakasirika," alisema bila kuinua kichwa. "Amesema haji asiyekwenda hija hamtaki."

"Na wewe?"

"Mimi nilijua tangu simu ya kwanza. Mtandao gani huo unaokata paji tu?" Akamkabidhi sufuria alifute. "Angekuwa na haki ya kukasirika kama ungemnywesha shangazi yako yale maji kwa uongo. Hilo nitamwambia mwenyewe. Atapoa."

Simu ikaita mfukoni. Alikuwa Imani, kwa sauti yake ile ile ya heshima. Daktari alikuwa anamsubiri tangu saa nne, je, yuko njiani, au wamtafutie tarehe nyingine ya kupanda?

Tawakali alisimama na sufuria mkono mmoja, akautazama mnazi wa uani.

"Mwambie daktari ahsante," alisema. "Zangu zilishapandwa zamani. Alizipanda shangazi."