Lenzi Inayovuta

Jumanne saa nne asubuhi mpiga picha alikuwa amejibana kati ya kabati na ukuta katika chumba namba sita, kamera usoni, kisogo kimegusa plasta, na bado hakikuingia kitu kwenye picha zaidi ya mto na robo ya dirisha. Akasimama juu ya ndoo, ikaongezeka taa. Akatoka nje akapigia dirishani, akapata picha nzuri sana ya nondo. Mwenye nyumba alikuwa mlangoni anamtazama, tepu ya kupimia mkononi, maana bila tepu mtu yule hakujua mikono yake aiweke wapi. Wapangaji walimwita Mzee Sentimita. Alikuwa anajua, wala halikumuudhi.

"Mimi nataka chumba," alisema. "Hiki unachonionyesha ni kitanda."

"Mzee, chumba chote ni kitanda. Kilichobaki nimekisimamia mimi."

"Tafuta lenzi pana basi, wenzako wanazo. Nina vyumba vinane vitupu, nataka viwe kwenye matangazo wiki ijayo. Ukishindwa nimwite mwingine."

Mpiga picha akasema sawa. Alikuwa anaishi kwa picha za pasipoti, na sura ya binadamu haihitaji upana. Hata wale wenye mashavu wanaenea. Lakini kazi ya vyumba vinane si ya kuachia. Halafu kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia Sentimita: katika nyumba ile ile, chini ya ngazi, alikuwa anakaa mama yake.

Mama huyo alipiga taipu ofisini miaka thelathini, magoti yamekunjwa chini ya meza. Alipostaafu akapanga chumba cha chini ya ngazi, upana mita mbili, urefu mita moja na nusu, ngazi imeinamia upande mmoja hata kitanda hakikai kwa upana, akaenda kuyakunja tena kitandani. Naye ni mwanamke mrefu, wa kutungua vitu juu ya kabati bila stuli. Seremala alilazimika kukikata kitanda miguuni ndipo mlango ufungike. Methali inasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mama wa watu hakutaka cha mvunguni, alitaka kulala tu, na ameinama miaka kumi na mmoja. Daktari alikuwa amemwambia kwamba magoti yale yasiponyooshwa yakiwa yamepumzika, iko siku yatagoma kabisa. Kumhamishia kwa binti yake, huyu mpiga picha, haikuwezekana. Binti alikuwa analala studio, na studio ilikuwa kabati lenye taa.

Muuza kamera za mitumba akamtandikia kitambaa juu ya kaunta, akampangia lenzi tatu. Ya kwanza ilikuwa mpya, ndani ya boksi lake, na bei yake aliitaja kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja ugonjwa. Mpiga picha akaisukuma pembeni kwa kidole kimoja. Ya pili bei ilikuwa nzuri, lakini ilikuwa imeota ukungu kwa ndani. Ukipiga nayo chumba, mpangaji atauliza nani anapika humo. Ya tatu ilikuwa nzito, imechubuka, haijirekebishi yenyewe, lazima uizungushe kwa mkono. Milimita kumi tu, upana wa kutosha kupiga chumba na masikio yako mwenyewe.

"Hii mbona rahisi?"

"Ina kasoro. Inavuta."

"Inavuta nini?"

Muuzaji akaifunga kwenye kamera, akaielekeza kwenye kaunta, akabonyeza. Kaunta ikarefuka mkono mmoja huku na mkono mmoja kule. Muuzaji akaifuata kalkuleta yake, akairudisha karibu.

"Ndiyo hivyo," alisema. "Duka hili lilikuwa dogo. Sasa hivi kufagia tu inanichukua asubuhi nzima."

"Sasa kasoro kama hiyo, hupunguzi bei?"

"Nimeshapunguza."

"Umepunguzia michubuko. Punguzia na kuvuta."

Wakavutana robo saa nzima, kila mmoja akiapa kwamba mwenzake anamnyonya damu, mpaka bei ikafika mahali ambapo wote wawili walionekana kuumia sawasawa. Alipokuwa anaifunga kwenye gazeti, muuzaji akamwekea wazi mambo mawili. La kwanza, kila kitu kinavutwa mara moja tu. Kikishavutwa, hata upige picha mia, ni kama lastiki ya suruali, ikishalegea imelegea. La pili, asimweke mtu ukingoni mwa picha, kwa sababu katikati lenzi ina huruma ila pembeni haina.

"Shemeji yangu nilimweka pembeni kwenye picha ya harusi. Mpaka leo anakaa viti viwili. Na hairudishwi, tusije tukalaumiana."

Mpiga picha hakwenda namba sita. Alikwenda moja kwa moja chini ya ngazi. Mama yake alipoiona kamera akatafuta kitana.

"Sikupigi wewe mama, napiga chumba."

"Basi ngoja nitandike. Hata chumba kina aibu zake."

Akatandika, akapanga viatu, akatoka kusimama koridoni. Mpiga picha akazungusha lenzi, akabonyeza. Ukuta wa nyuma ukarudi hatua nne bila kelele. Nyuma yake kulikuwa na uchochoro, nao ukasogea, ukaupisha. Seremala akaitwa, akakiunga kitanda kipande kile kile alichokikata miaka ile, maana mama alikuwa amekitunza na kukifanya rafu ya vikombe. Saa nane mchana mama akajilaza, akanyoosha mguu mmoja, goti likalia, akanyoosha wa pili, nalo likaitikia. Akacheka. Halafu akalia kidogo, halafu akacheka tena.

"Nilisahau kama mimi ni mrefu," alisema.

Mpiga picha alifurahi mpaka akashindwa kula. Kesho yake akamaliza vile vyumba vinane, vyote vikavutika vizuri. Vilikuwa vipana kiasi kwamba mtu akiwa mlangoni akipiga chafya, anasubiri kidogo ndipo atakiwe heri na aliye dirishani. Sentimita akaingia na tepu yake, akapima kimoja kimoja, akaandika. Jioni plaiwudi zikashushwa getini, na kufikia Ijumaa vyumba vinane vilikuwa kumi na sita, kila kimoja na ule ule ufinyu wake wa zamani. Wapangaji wapya wakaja na picha mikononi, wakavitafuta vile vyumba vipana, wakaambiwa picha zilipigwa kabla ya ukarabati. Wakaingiza vitanda vyao.

Lakini kosa alilifanya mpiga picha mwenyewe, na ni kosa la kazi. Siku ya kukabidhi alikuwa na foleni ya watu wa pasipoti, akachomoa kadi kwenye kamera akampa Sentimita kama ilivyo, ajichagulie. Picha ya kwanza kabisa kwenye kadi ilikuwa chumba cha chini ya ngazi.

"Vyumba vyangu vinane," Sentimita alisema kwenye simu. "Hiki cha tisa ni cha nani?"

Mpiga picha alifungua mdomo adanganye, ukweli ukatangulia: ni cha mama yake.

Sentimita hakuwa mtu wa kufoka. Alibisha hodi, akamwamkia mama, akapima ukuta hadi ukuta, akatoa mkataba mfukoni.

"Mama, mkataba unasema mita mbili kwa moja na nusu. Hii iliyozidi ni ya nani?"

"Ya Mungu," mama alijibu.

"Mungu hana hati ya nyumba hii, mama. Hati ninayo mimi."

Plaiwudi ikasimamishwa pale pale ukuta ulipokuwa. Seremala akarudi na msumeno, akasema nisamehe mama, kazi ni kazi, akakata kile kipande kwa mara ya pili. Upande wa nyuma, ule wa kunyoosha miguu, ukapangishwa kwa muuza magodoro aliyekuwa anatafuta stoo. Kwa kuwa hakukuwa na njia nyingine, yeye na magodoro yake walipitia kwa mama, juu ya kitanda, asubuhi na jioni. Alikuwa kijana mwenye adabu na hakuacha kumwamkia hata siku moja. Nyuma ya plaiwudi magodoro yakajilaza mchana kutwa, yamejinyoosha, na hakuna mtu juu yake.

Mpiga picha alirudi na lenzi, akapiga ukuta ule mara thelathini. Haukusogea. Akakaa kwenye ngazi, na ndipo simu ikaita: Sentimita anataka picha ya nyumba kwa mbele, na yeye mwenyewe asimame getini, watu wamjue mwenye mali.

Kila mpiga picha anajua kwamba mtu hawekwi ukingoni mwa lenzi pana. Ni adabu ya kazi. Mpiga picha akasema moyoni, akutendaye mtende, akaiweka nyumba katikati.

"Nisogee kwa ndani kidogo?" Sentimita aliuliza.

"Hapo hapo, mzee. Hapo ndipo unapopendeza. Rudi hata hatua moja pembeni."

Akarudi. Akabonyezwa. Nyumba ilishavutwa kwa ndani, haikusogea. Sentimita akajipima hapo hapo, bega hadi bega, akapata mita moja na tisini, akaandika kwenye daftari lake. Alikuwa mpana kuliko urefu wake. Wiki nzima hakuingia chumba chochote cha nyumba yake. Alisimama koridoni kwa ubavu, na wapangaji, watu wakarimu, wakamwitikia kutoka ndani: karibu mzee, pita ndani, mbona unasimama nje kama mgeni. Mama alicheka mpaka muuza magodoro akaja kuuliza kuna nini.

Jumatatu iliyofuata mafundi wakafika na tindo. Milango yote ikapanuliwa hadi mita mbili, na gharama wakachangishwa wapangaji, kwa kuwa milango wanaitumia wao. Sentimita akaanza tena kuingia vyumbani bila shida.

Chumba cha mama sasa kilikuwa mlango mtupu. Mchana mmoja aliuacha wazi, akajilaza kichwa ndani na miguu nje, magoti yamenyooka. Waliopita koridoni waliiruka, wakamwomba radhi, akawaambia piteni wanangu. Ikawa hivyo siku mbili. Siku ya tatu Sentimita akachuchumaa, kwa shida, akapima kutoka kizingiti hadi kwenye kidole gumba.

"Sentimita ishirini na nane," alisema kwa upole. "Korido haimo kwenye mkataba, mama."

Mama akaiingiza miguu, mmoja mmoja.

Binti yake alikuwa hapo, kamera begani. "Mama, kosa ni langu. Nisingekuja na hili lilenzi, usingeteseka hivi."

"Kukunja nilishazoea, mwanangu," mama alisema. "Ila sasa magoti yameshajua kunyooka, na hayataki kusahau."

Muuza magodoro akatokea mlangoni na godoro jipya kichwani, bado limo kwenye nailoni. Akaamkia. Mama akaitikia, akalishika kidogo lilipofika juu ya kitanda.

"La urefu gani hili?"

"Futi sita, mama."

"Linanitosha," mama alisema, akajikunja ili lipite.