Fa Aliyekosekana Kwenye Hesabu

Niliota usiku wa jana kwamba noti za muziki nazo zimefungwa gerezani. Ilikuwa saa sita mchana, tumechuchumaa uani watano watano tuhesabiwe, na nyuma yetu wamechuchumaa Do, Re, Mi na wenzao, wamevaa sare kama sisi. Sikushangaa. Kilichonikera ni kwamba sare zao zilikuwa zimepigwa pasi.

Afande Mbonea anahesabu. Sisi tumetimia arobaini na wawili. Noti ziko sita.

"Fa hayupo," anasema. "Hesabu isipotimia, hakuna atakayeimba Jumamosi."

Roho ilinipasuka. Jumamosi ndugu wanakuja kututembelea, na mama yangu anatoka Nzega kwa mara ya kwanza tangu nifungwe. Mwalimu Luhende, anayekuja gerezani kutufundisha muziki, alishaniambia waziwazi: nipande kutoka Do hadi Ti bila kuruka, ndipo anipe nafasi ya kuimba. Miezi mitatu sasa, nikitoka Mi najikuta nimeshafika So. Nikamwambia afande nitamtafuta Fa mwenyewe, popote alipo.

"Nenda," akasema. "Ila usikanyage mstari."

Mistari ilikuwa mitano, imechorwa chini kama ile ya kwenye daftari la muziki. Nikapita katikati yake kwa uangalifu mpaka uwanja ukageuka jiko. Sufuria la ugali likaniuliza kama nina kibali. Nikasema kibali sina, nia ninayo. Likasema siku hizi wanapokea na nia, likainua mfuniko. Ndani mlikuwa na ngazi. Nikashuka, nikatokea mahakamani, kwenye kizimba kilekile nilichosimama miaka minne iliyopita.

Hakimu ni kinanda. Mama ameketi benchi la nyuma, kama siku ile.

"Mshtakiwa, una la kusema kabla sijatoa hukumu?" kinauliza.

Siku ile sikusema kitu. Niliona aibu, nikainamisha kichwa, na mama akarudi Nzega bila kusikia hata samahani yangu. Inaniuma mpaka leo. Sasa nasikia mtu anakohoa ndani ya koo langu.

"Ni mimi, Fa. Siku ile nilikuwa wa kwanza kwenye foleni ya kutoka. Ukafunga mdomo, nikabaki huku."

"Basi toka, tunahesabiwa."

"Naogopa."

Nikamwambia na mimi naogopa, ila safari hii tunatoka wote. Nikamtazama mama usoni. Nikaimba Do, Re, Mi, nikakaza tumbo kama tulivyofundishwa, nikafungua mdomo. Fa akatoka, amekonda kidogo lakini mzima. Kinanda kikasema hesabu imetimia, kikajifunika.

Nikaamka. Kumeshapambazuka. Afande Mbonea alikuwa amefungua kufuli la bweni letu, lakini haingii. Alisimama akiutazama ubao wa nje, ambao yeye peke yake huuandika hesabu yetu kwa chaki kila jioni akishatufungia. Nilipochungulia, nikasoma: 42, na wengine 7.

"Mwandiko ni wangu," alisema taratibu.

Alishika dasta, akaishusha bila kufuta. Kisha akaanza kututazama mmoja mmoja, akitafuta wa kumuuliza. Sikungoja anifikie. Nilisimama palepale juu ya mkeka wangu, nikaanza na Do, nikapanda hadi Ti bila kumruka hata mmoja.