Mgeni wa Ghorofa ya Nne

Nyumba zetu ni za serikali, kodi yake nafuu, kwa hiyo ukilalamika unaambiwa ushukuru. Msimamizi tulimpachika jina la Bwana Kesho. Bomba likipasuka, kesho. Taa ya ngazini ikiungua, kesho. Tumeshachoka hata kumkasirikia.

Tunakaa ghorofa ya nne, chumba kimoja: mimi, kaka yangu na Mama. Tangu magoti ya Mama yaanze kugoma, hashuki ila siku ya kliniki, tena mgongoni kwa kaka. Anachukia mno kubebwa kama mtoto. Humwomba kaka wasubiri kwanza mpaka majirani waende kazini.

Kisha kikapatikana chumba chini kabisa. Bwana Kesho akatangaza uani kwamba safari hii hataki umbea wala vijizawadi; atapita mlango kwa mlango ajionee mwenyewe nani ana hali mbaya zaidi. Nikamwambia Mama, "Akija, usiinuke. Mweleze yote. Magoti, paa linalovuja, yote."

"Nimesikia, mwanangu."

Siku hiyo nilimwomba ruhusa dobi ninayemfanyia kazi, nikawahi kurudi. Nikafika mlangoni, nikachungulia. Chumba kinang'aa! Ndoo ya kukingia maji ya paa imesukumwa uvunguni, doa la ukutani limefunikwa kwa kalenda. Na Mama, ndani ya gauni lake la kutokea, amesimama wima, mkono mmoja umeng'ang'ania kitanda, anamkaribisha Bwana Kesho kiti.

"Ngazi hazikusumbui, mama?" Bwana Kesho akauliza.

"Aa, tumezizoea, baba. Kaa kwanza unywe chai."

"Si kweli!" nikaropoka. "Mama hawezi hata..."

"Wewe, usimchoshe mgeni." Akanikata jicho, nikamimina chai.

Bwana Kesho alikunywa chai ile mpaka tone la mwisho, akasema wapangaji wote wangekuwa kama sisi, kazi yake ingekuwa mteremko. Alipotoka tu, Mama akajibwaga kitandani, jasho linamtiririka. Nikamkanda magoti huku nimenuna.

"Mtu ndiyo kwanza anakanyaga kwako," akasema, "utaanzaje kumlilia?"

Nikaivuta ndoo kutoka uvunguni, nikairudisha mahali pake.

Chumba alipewa kinyozi wa ghorofa ya pili, ambaye alimpokea Bwana Kesho akiwa amelala sakafuni, anagumia, guu limeviringishwa bendeji mpaka pajani. Jumamosi yake nilimwona anacheza mpira. Roho iliniuma, lakini kinyozi sikumlaumu sana. Yeye alijua kilichokuwa kinatafutwa.

Siku ya kliniki ikafika. Kaka alikuwa anashuka na Mama mgongoni, anahema, mimi nyuma yao na viatu vya Mama mkononi, tukakutana uso kwa uso na Bwana Kesho akipanda. Akasimama. Akaitazama miguu ya Mama inavyoning'inia, imevimba, haina viatu.

"Mama," akasema taratibu, "mbona hukuniambia?"

Nilikuwa na maneno tele mdomoni, ya kumtosha yeye na ofisi yake nzima. Mama akaniwahi.

"Ulikuwa mgeni wangu, baba."

"Lakini chumba kimeshatoka."

"Najua. Tupishe basi, mwanangu anachoka."