Kuku Aliyeanguka Mchana Kweupe

Mama mkwe wa Baba Pacha alijua kwamba mkwewe anafanya kazi "upande wa matangazo". Si uongo. Ila Baba Pacha hakuwahi kumwambia kwamba kutangaza kwenyewe ni kuvaa vazi la kuku, manyoya mwili mzima na kichwa kikubwa cha sponji, na kucheza mbele ya mgahawa ili wateja waingie.

Siku hiyo jua liliwaka hadi lami ikawa inanata kwenye viatu. Redio ilishaonya watu wasikae juani mchana. Meneja akasema, "Ukivua kichwa watoto watalia. Kaza tu."

Baba Pacha akakaza. Ndani ya kuku jasho lilimtiririka, kisha likakatika ghafla. Kichwa kikaanza kumuuma, miguu ikalegea, akayumba kushoto, akayumba kulia.

"Mtindo mpya huo!" watu wakashangilia. Alipokwenda chini mzimamzima, wakapiga makofi.

Mwanamke mmoja mwenye mwavuli ndiye aliyepiga kelele. "Mna wazimu? Mtu anakufa humo!" Akawaamuru wanaume wawili wamburute hadi kivulini. Zipu iligoma, akaivuta huku akiisema kama mtoto mtukutu, mpaka ikaachia. Kuku akamenywa kama ndizi, akamwagiwa maji shingoni na kwapani, akapepewa kwa menyu ya mgahawa.

Baba Pacha akafumbua macho. Alikuwa na kaptura tu. Juu yake aliuona mwavuli anaoufahamu, na chini ya mwavuli, mama mzazi wa mke wake. Alitamani kurudi ndani ya kuku.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kunywa. Kidogo kidogo, usigugumie." Mama mkwe akageuza uso kwa heshima huku akizidi kummwagia maji, mengi yakiishia sikioni.

Zahanati ya jirani walimlaza mpaka jioni. Mama mkwe yeye aliingia mgahawani. "Kuku wa kuchoma wako jikoni," alimwambia meneja. "Huyu wa nje ni mkwe wangu." Haikuchukua muda meneja akakubali: kucheza ni asubuhi na jioni tu, kivulini, maji pembeni.

Kesho yake mama mkwe alilifua vazi lile mwenyewe, kwa sababu lilinuka. Jirani akachungulia ukutani, akauliza ni kitu gani kile kinachoning'inia kambani.

"Nguo ya kazi ya mkwe wangu," akajibu, akiibana miguu ya kuku kwa vibanio. "Ikikauka naitoboa matundu ya hewa. Una mkasi?"