Vyuma vya Injini ya Elieza

Elieza hakuwahi kupiga honi getini. Wanaume wengine hapa Sekei hupiga honi mpaka watoto wa jirani wanaamka, lakini mume wangu alikuta geti liko wazi kila siku. Injini ya Pijo yake ilikuwa inagonga. Kuanzia kona ya chini niliisikia, ko, ko, ko, naacha kisu juu ya ndizi, natoka kufungua. Akishuka ananiambia, "Mama Derick, una masikio ya paka." Masikio gani, gari ndilo lililokuwa na mdomo.

Alipofariki, Pijo ilikaa uani haiwaki, kuku wakataga kwenye kiti cha nyuma. Mimi nilibaki na hamu moja, na sioni aibu kuisema: nilitaka niisikie ikipanda ile kona mara moja tu. Baada ya hapo anayeitaka aichukue.

Anayeitaka alikuwepo. Mzee Mikidadi wa Olasiti hukusanya magari ya zamani kama wengine wanavyofuga ng'ombe. Mwanangu Derick ndiye aliyemleta. Mzee akafungua boneti, akaisugua namba ya injini kwa leso yake nyeupe hadi ikasomeka.

"Hii ndiyo iliyotoka nayo kiwandani," akasema. "Wengi wameshazitoa, wameweka za Toyota."

"Sasa mzee," Derick akauliza, "tukiishusha injini tukaifanyia ovaholi, tukabadilisha vya ndani, thamani si itapungua? Maana haitakuwa orijino tena."

"Injini ibaki hiyohiyo na namba yake. Ikitengenezwa vizuri, thamani inapanda. Gari lisilowaka nitalifanyia nini, nifugie kuku?"

Wakabishana weee, nami nimesimama na trei ya chai kama mgeni kwenye nyumba yangu. Thamani, thamani. Hakuna aliyefikiria kuniuliza mimi. Nikasema tu, "Atengeneze Khalfani," nikarudi jikoni.

Khalfani ana gereji kule Themi, na ndiye aliyekuwa fundi wa Elieza tangu wote wawili wana nywele nyeusi. Nilimfuata mwenyewe.

"Fundi, nataka iwake."

"Itawaka, Mama Derick. Utaipenda."

Nikarudi nyumbani. Injini ni ileile, nikajiambia, itasema yaleyale.

Siku ya kuletewa gari nilimenya ndizi dirisha likiwa wazi. Mlima ulikuwa umejitokeza wote, hata wingu la kusingizia halikuwepo. Nilikuwa nimevaa kile kitenge alichokipenda Elieza, mtu mzima mimi. Nikasikiliza. Pikipiki. Lori la mchanga. Mbwa wa majirani, kina Naipanoi.

Halafu honi, getini kwangu.

Nikakereka. Nani huyu anayepiga honi kama anadai? Nikafungua kwa hasira. Ilikuwa Pijo, na Khalfani kwenye usukani anacheka hadi gego la mwisho.

"Unaisikia? Husikii kitu! Imetulia!"

Nikaweka mkono juu ya boneti. Ilikuwa ya moto, inatetemeka kwa mbali.

"Ile kugonga iko wapi, fundi?"

"Pistoni zilikuwa zimelika, zinapigapiga ukuta wa silinda. Ule ulikuwa ugonjwa, Mama Derick. Nimeutoa." Akashusha kiroba kutoka kwenye buti. Ndiyo desturi ya fundi mwaminifu, spea za zamani humrudishia mwenye gari ajionee kwamba kweli zimebadilishwa. "Ugonjwa wenyewe ndio huu."

Nikamshukuru, kwa kuwa kazi yake ilikuwa nzuri. Kisha nikaingia jikoni, nikabandika ndizi, nikalia hadi zikaungua. Nilimtaka mume wangu, nikaletewa gari zima.

Jumamosi Mzee Mikidadi akaja, akaliwasha, akafumba macho kwa raha. Wakakubaliana bei na Derick. Alipokuwa ameshakaa kwenye usukani, akakiona kile kiroba cha spea za zamani pembeni ya geti.

"Na hivyo vyuma nipakilie, mama. Gari likiwa na spea zake za mwanzo, hata kama zimekwisha, thamani inaongezeka."

"Gari umeshachukua, baba. Hivyo haviuzwi."

"Mama, ni chuma chakavu," Derick akaninong'oneza. "Utavifanyia nini?"

"Nimesema haviuzwi."

Mzee akanitazama, akaacha. Pijo ikatoka, ikashuka kwenye kona. Nilikuwa nimesimama palepale, nimetega masikio, na bado sikujua ilipita kona saa ngapi.

Derick akafunga geti, akaingia ndani. Nikainama nikakibeba kiroba, nikaanza kukipeleka jikoni. Kilikuwa kizito, na kila nilipopiga hatua, pistoni ziligongana humo ndani. Ko. Ko. Ko. Nilipofika kizingitini miguu iligeuka yenyewe, na nilipokuja kujitambua, mkono wangu ulikuwa juu ya komeo la geti.